Alianguka Bila Kuumia

Nilipofika kwenye uzio nilikuwa na kiatu kimoja tu mguuni.

Cha pili kilibaki kwenye ngazi za jukwaa, sijui ngazi ya ngapi. Nilichokiona ni namba 58 amelala chali katikati ya uwanja, mikono imekumbatia goti la kushoto, na mhudumu wa timu anakimbia kumwendea na mkoba wake mwekundu. Wachezaji wengine wote, wa kwetu na wa kwao, walikuwa wamepiga goti moja chini na helmeti zao wamezilaza kwenye nyasi. Ndivyo wanavyofanya huku Marekani mtoto akiumia. Bendi ilikata wimbo katikati. Watu zaidi ya elfu moja wakanyamaza kimya, Ijumaa usiku, chini ya taa kali.

Nilianza Ayatul Kursi, nikakosea. Nikaanza tena, nikakosea palepale. Aya niliyoihifadhi tangu nikiwa chuoni Pangani, kabla sijaota meno ya ukubwani.

Halafu akainuka. Akachechemea mpaka benchi, ameshikwa mabega huku na huku, na watu wakampigia makofi, hata wa jukwaa la wageni. Baada ya muda mfupi nikamwona amerudi uwanjani anakimbia kama hakuna kilichotokea. Nikamshukuru Mungu, nikaenda kutafuta kiatu changu.

Garini, kabla sijawasha injini, aliniambia bila kunitazama.

"Mama, sikuumia. Kocha alitoa ishara."

## Ishara

Zimepita wiki sita na bado naisikia sentensi hiyo. Nimejaribu kuiacha. Nimejiambia ni mchezo, ni watoto, na kila mchezo una hila zake. Kwetu Tanga, timu ikishapata bao moja, golikipa hulala chini kila akidaka mpira, na sote pale Mkwakwani tunajua anapoteza muda. Tunamzomea, tunacheka, tunarudi nyumbani. Kujiangusha si kitu kigeni kwangu.

Ila hili halikunitoka, na ilinibidi niuelewe kwanza mchezo wenyewe.

Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa mikupuo. Mpira unachezwa sekunde chache, watu wanaangushana, kila kitu kinasimama, wanajipanga upya. Saa inawapa washambuliaji sekunde 40 kuanza mkupuo unaofuata. Zamani timu nyingi zilizitumia karibu zote: wanakusanyika, wananong'onezana mpango, ndipo wanajipanga. Wakaja makocha walioona kwamba si lazima kusubiri. Jipange haraka, anza mara moja, rudia, rudia tena. Na sheria ya vyuo inasema washambuliaji wasipobadilisha mchezaji, mwamuzi hana sababu ya kuwashikilia ili walinzi wabadilishe wa kwao. Kwa hiyo yule jitu la kilo 135 lililo mstari wa mbele wa ulinzi linabaki pale, mkupuo wa tano, wa sita, wa saba, mdomo wazi, mikono kiunoni, halina pa kwenda.

Isipokuwa chini.

Akianguka, mwamuzi anasimamisha saa, wahudumu wanaingia, wenzake wanapata maji na maelekezo, na ile kasi ya wapinzani inakufa. Yeye anatoka kwa mkupuo mmoja, kisha anarudi. Kila timu ina mapumziko matatu ya kuomba kwa nusu moja ya mechi. Hili linakuwa la nne, tena la bure.

Kijana wangu anacheza hapo hapo, mstari wa mbele wa ulinzi, kwenye timu ya shule yake. Ishara yao ni kocha msaidizi kuvuta ukingo wa kofia mara mbili. Aliniambia kama anayenieleza njia ya kwenda dukani.

## Uchuro

Bibi yangu alikuwa na neno la jambo hili. Ukiwa mtoto ukajilaza sakafuni ukajifanya umekufa, au ukajifunga kitambaa mkononi ukasema umevunjika, hakukuuliza kwa nini unadanganya. Alisema, "Acha uchuro."

Kwake maradhi yana masikio. Ukiyaita kwa mchezo, yanaitika. Nikiwa mtu mzima niliiona ni imani ya wazee, nikaiweka kando kwa heshima. Lakini usiku ule nilipokuwa namwandalia kijana chakula, nikiwa bado natetemeka mikono, neno hilo lilikuja lenyewe na nikashindwa kupata jingine linalotosha. Nilimwambia, "Ulichofanya ni uchuro." Akauliza maana yake. Nikajaribu kwa Kiingereza, nikaona kila neno ninalolishika ni dogo kuliko nilichotaka kusema.

Baba yake alisema nakuza mambo. "Ni mbinu," aliniambia. "Kila timu inafanya. Hata vyuo vikubwa."

Na ni kweli, vyuo vikubwa vinafanya. Watoto hawa hawakulibuni wenyewe. Waliliona kwenye televisheni Jumamosi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Novemba 13, 2010, Berkeley. Oregon, timu ya chuo kikuu, walikuwa namba moja nchini, wanafunga wastani wa zaidi ya alama 50 kwa mechi, kwa kasi ambayo hakuna aliyeipatia dawa. California, chuo kikuu cha hapo Berkeley, wakawabana mpaka 15 kwa 13. Katika mechi ile kuna mlinzi mmoja wa California aliyeonekana wazi akitazama benchi, akisita, kisha akijiangusha. Ukiitazama video, unachokiona kwanza ni ule msito. Kama mtu aliyesahau kitu, akakumbuka. Kocha wa mstari wa ulinzi, Tosh Lupoi, alikiri kwamba yeye ndiye aliyeelekeza, na chuo kikamfungia mechi moja.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Natafuta kwenye ule msito uso wa mwanangu.

## "Wewe si ulizomea?"

Wiki ya pili tuligombana kweli. Nilimwambia amewadanganya watu waliompigia goti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, wewe si ulizomea? Kule Kinnick."

Nikakaa kimya.

Tunaishi karibu na Iowa City. Oktoba 9, 2021, mwenzangu kazini alinipa tiketi mbili za mechi ya vyuo vikuu, Iowa na Penn State, nikaenda na huyu huyu kijana, wakati huo ana miaka kumi na miwili. Iowa walikuwa namba tatu nchini, Penn State namba nne. Kuna jambo moja kuhusu uwanja wa Kinnick ambalo namsimulia kila mgeni anayekuja kwetu. Ng'ambo ya barabara kuna hospitali ya watoto, jengo refu la vioo, na kutoka ghorofa za juu watoto wanaotibiwa wanaona uwanja mzima. Robo ya kwanza ikiisha, watu karibu 70,000 wanasimama, wanageuka, wanawapungia mkono. Wachezaji wa timu zote mbili pia. Desturi hiyo ilianza mwaka 2017. Kijana wangu alipunga mikono yote miwili siku ile, na kule juu tukaona vimikono vinajibu. Nililia waziwazi wala sikuona haya.

Baadaye mechi ikageuka. Penn State walikuwa wanaongoza 17 kwa 3, kisha kwotabeki wao, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akaumia, akatoka. Walinzi wao wakaanza kuanguka, mmoja, mwingine, mwingine. Mtu nyuma yetu akapiga kelele kwamba wanaigiza. Ile sauti ikaanza chini, "buuu," ikapanda majukwaa kama moto wa makuti. Nikaidaka na mimi. Nilikuwa sijui sheria hata tano za mchezo ule. Nilimzomea mtu aliyelala chini kwa sababu waliokaa karibu nami walikuwa wanamzomea, na pembeni yangu mtoto wangu akaweka viganja mdomoni akafanya kama mama yake.

Iowa walishinda 23 kwa 20, watu wakamiminika uwanjani.

Kocha wa Iowa, Kirk Ferentz, alisema baada ya mechi kwamba huenda mashabiki walihisi harufu ya udanganyifu. Kocha wa Penn State wakati huo, James Franklin, alijibu siku chache baadaye: Iowa hawachezi kwa kasi, sasa angewapunguzia kasi gani? Na akasema jambo ambalo sikulijua mpaka mwaka huu, nilipokwenda kulitafuta. Mmoja wa waliozomewa alikuwa ameumia kweli, na msimu wake ulikuwa umekwisha. Ni P.J. Mustipher, mtu wa mstari wa mbele wa ulinzi, mmoja wa wachezaji wao bora. Goti.

Sijui kama sauti yangu ilikuwa juu yake au juu ya mwenzake. Haibadilishi kitu.

Waliotuzoesha kuzomea ni waliojiangusha kabla yake, mwaka hadi mwaka, katika viwanja ambavyo yeye hakuwemo. Wao walichukua, yeye akadaiwa.

## Sema tisa

Hapa niseme ninachofanya, kwa sababu ndicho kilichofanya jambo hili linikwame kooni. Mimi ni mkalimani wa hospitalini. Nakaa kati ya daktari na mgonjwa anayezungumza Kiswahili, na wengi wao ni ndugu zetu kutoka Kongo, maana eneo hili wako wengi. Siku nzima kazi yangu ni kuhamisha maumivu kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Kiswahili chetu kina maneno ya maumivu mpaka unashangaa. Kuna kuuma, na kuna kuchoma, kuwasha, kukereketa, kusokota, kukaza, kuvuta. Kuna kichomi, ambacho kina mahali pake mbavuni. Kuna kupwita, kama jipu usiku. Mama wa Kivu ataniambia "tumbo iko inaniuma" na mkono wake utazunguka polepole pale kwenye kitovu, nami najua si kichomi, ni msokoto. Lakini daktari anataka namba. Kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Yote yale yanaishia kwenye tarakimu moja, naye hana kipimo cha kuihakiki. Hakuna picha ya eksirei inayoonyesha maumivu yenyewe. Kuna mtu anayesema, na kuna mtu anayeamua kumwamini.

Miaka michache iliyopita bwana mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama alinisimamisha korido kabla hatujaingia. (Nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane.) Alikuwa amesimama zamu za usiku mfululizo, macho mekundu. Mgongo ulikuwa unamuuma, ndiyo, lakini alichokuwa anatafuta ni barua ya kupumzika siku mbili. "Dada," aliniambia, "wakiuliza namba, sema tisa."

Kanuni yetu ni moja: sema alichosema, usiongeze, usipunguze. Tulipoingia alisema mwenyewe tisa, nami nikasema tisa. Daktari alimtazama, ametulia kwenye kiti, mguu juu ya mguu. Akaandika. Sikupenda namna alivyoandika.

Wiki hiyo hiyo, kliniki ile ile, aliingia mama mmoja aliyesema nane huku anatabasamu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kujistiri mbele ya wageni. Daktari akamtazama kwa jicho lile lile. Alirudishwa nyumbani na vidonge, na siku tatu baadaye alirudi akiwa hawezi kusimama.

Siwezi kuapa kwamba ile tisa ndiyo iliyoila nane ya yule mama. Huenda daktari alikuwa na jicho hilo tangu asubuhi. Lakini tangu kijana wangu aanguke bila kuumia, wale wawili wananijia pamoja kila nikitandika kitanda.

Na hapa ndipo panaponitatiza, maana yule bwana simlaumu. Alikuwa amechoka kufa. Mahali alipofanya kazi hakukuwa na neno la uchovu lililokubalika. Mlango uliokuwa wazi ni mmoja tu, wa maumivu, akapita hapo.

Sasa yule jitu la kilo 135, mkupuo wa nane, mwenye mikono kiunoni, yeye ana mlango gani?

Nilimpigia simu kocha wa kijana wangu. Hakunikatalia wala hakuniomba radhi. Alisema, "Mama, simwambii mtoto yeyote adanganye. Nawaambia, ukiona mwili umekwisha, lala chini. Mtu aliyechoka ndiye anayevunjika." Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nikakuta sina jibu. Mwaka 2014 hoja hiyo hiyo ilifika juu kabisa kwenye futiboli ya vyuo: lilipelekwa pendekezo la kuwazuia washambuliaji wasianze mkupuo kabla ya sekunde kumi kupita, ili walinzi wapate kubadilishana. Waliolitetea, makocha Nick Saban wa Alabama na Bret Bielema wa Arkansas, walisema ni suala la usalama. Makocha wa timu za kasi wakasema ni woga wa kushindwa. Pendekezo likaondolewa.

Nilikaa na maneno ya kocha siku mbili. Nikamrudia kijana, nikamuuliza swali moja tu. Ulikuwa umechoka?

"Hapana. Ulikuwa mkupuo wa tatu tu. Walikuwa wanakaribia kufunga."

## Kofia

Basi hapo ndipo nilipopata pa kusimama. Mtu aliyechoka akalala chini, hata akilikuza goti lake kidogo, namwachia Mungu wake. Ninayemkasirikia ni mwenye kofia. Ni mtu mzima aliyesimama pembeni, hana jasho, anavuta ukingo wa kofia mara mbili, na mtoto wa mtu mwingine anajitupa chini mbele ya mama yake.

Nimefurahi kuona kwamba waliojaribu kulitibu jambo hili hivi karibuni nao wameitazama kofia. Mpaka juzijuzi hakukuwa na adhabu uwanjani. Tangu mwaka 2022 chuo kingeweza kupeleka malalamiko na video baada ya mechi, basi. Kisha msimu wa 2024, kelele zilipozidi katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, kamishna wake Greg Sankey aliviandikia vyuo vyake Novemba 1 kwamba waache mara moja vitendo vyote vya kuigiza majeraha. Adhabu aliiweka kwa kocha mkuu: mara ya kwanza karipio la hadharani na faini ya dola 50,000, mara ya pili dola 100,000, mara ya tatu kukosa mechi inayofuata. Aliyemlenga kwanza ni kocha, na nadhani yuko sahihi.

Mwaka 2025 ikaja sheria ya nchi nzima kwa vyuo. Mwamuzi akishaweka mpira tayari kwa mkupuo unaofuata, kisha wahudumu wakaingia kumwangalia mchezaji aliyelala, timu yake inakatwa mapumziko yake moja. Ikiwa imeshayamaliza, inarudishwa yadi tano. Wazo lake naliona: ule msito, yule anayetazama benchi kwanza ndipo aanguke, sasa ana gharama. Lakini anayejiangusha papo hapo mkupuo unapoisha, kabla mpira haujawekwa, bado anapita. Mwanangu ndivyo alivyofanya. Wamewafundisha kuanguka mapema.

Na mwamuzi bado hawezi kusema, "Wewe huumwi." Nashukuru kwamba hawezi. Siutamani uwanja ambao mtu mwenye filimbi anasimama juu ya mtoto aliyelala na kuamua kama maumivu yake ni ya kweli. Nimeshaona chumba cha namna hiyo.

## Namba 71

Kwa wiki tano niliamini aliniambia ukweli garini kwa sababu aliniona kwenye uzio na kiatu kimoja. Nilijifariji kwa hilo kidogo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakunja nguo. Alikuwa ameshika ile jezi, ameigeuza ndani nje, anatoa nyasi zilizokwama kwenye mshono. Akasema bila mimi kumuuliza kwamba pale chini hakuniona. Alikuwa amefumba macho, kwa sababu hakujua uso wa mtu aliyeumia unatakiwa kutazama wapi. Aliyemsikia ni mtoto wa timu pinzani, namba 71, yule waliyekuwa wanasukumana naye tangu dakika ya kwanza. Alipiga goti karibu naye kabisa, karibu kuliko wenzake wa timu. Alikuwa anamwombea kwa sauti. Na kwa kuwa hakujua jina lake alikuwa anasema, "Bwana, msaidie huyu wa 58. Msaidie huyu wa 58."

"Nikataka kuinuka," kijana aliniambia. "Lakini ilikuwa mapema mno. Kocha alisema tuhesabu mpaka thelathini."

Akahesabu mpaka thelathini.

Ameshalipata jina la namba 71 kwenye orodha ya timu yao. Kumtafuta mtandaoni ilimchukua dakika tano. Alinionyesha simu yake. Ujumbe unaanza, "Habari, sijui kama unanikumbuka," kisha kuna mistari miwili aliyoiandika na kuifuta mbele yangu, akaiandika tena. Aliniuliza kama neno "samahani" linatosha, au aeleze na habari ya kofia. Nilimwambia asiitaje kofia. Baadaye, nikiwa jikoni, nikaona nimemshauri vibaya, nikarudi kumwambia aseme yote.

Mpaka naandika haya hajautuma.

Mwakani watakuja kucheza kwetu.